Nipo Njiani

Jioni ile nilikuwa nimebeba betri. Wala si ya tochi. Ilikuwa betri ya kuishikilia seva umeme ukikatika, nzito kama mtoto aliyelala, na nilikuwa nimeikumbatia kifuani tangu getini kwa sababu kitoroli kilikuwa kimefungiwa stoo na mwenye ufunguo alishaenda zake. Kiwandani kwetu ndivyo ilivyo. King'ora cha kutoka kikilia, watu wanatawanyika kama wamefukuzwa, na chochote kitakachoharibika baada ya hapo ni mzigo wa yule anayeangalia kompyuta. Yaani mimi.

Mlinzi alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Tena wewe?"

"Tena mimi. Fungua basi, mikono inaniuma."

"Dada yako naye yumo humo. Wenzake wametoka, yeye kagoma."

"Anafanya nini saa hizi?"

"Mimi nalinda geti, bibie. Watu wajilinde wenyewe." Akasonya, akanifungulia, akarudi kwenye redio yake.

Siku nyingine ningempa maneno yake akae nayo, lakini betri ilikuwa inanivunja mgongo na jua lilikuwa linazama.

Nikueleze kwanza mahali penyewe. Tunatengeneza magodoro. Kutoka mlango mkubwa hadi chumba cha seva kuna stoo ndefu, magodoro yamepangwa pande zote mbili karibu kufika paani. Sponji linakula sauti. Ukiita, sauti inakufia mdomoni, na ukitembea humo hujisikii hata mwenyewe. Katikati ya sakafu wanatandaza mapande mapana ya sponji lililotoka kwenye mashine likiwa bado na joto, lipoe mpaka asubuhi. Sponji bichi ukilikanyaga linabaki na alama ya mguu kwa muda, kisha linajaa polepole, kwa hiyo sote tunaopita jioni tunajibana pembeni. Harufu ya gundi inakuingia mpaka unahisi meno yanauma.

Mimi ndiye mlezi wa seva ya barua pepe. Kila oda ya kampuni na kila tusi la mteja linapita kwenye mashine yangu. Nachuja virusi, nafukuza matapeli, nahakikisha haizimi. Ikifanya kazi, hakuna anayejua kama nipo duniani. Ikizima kidogo tu, jina langu linazunguka ofisi zote, na si kwa sifa.

Kabla yangu kazi hii ilikuwa ya Shemeji, mume wa Dada yangu mkubwa, na yeye ndiye aliyenifundisha. Mtu mcheshi, mkarimu, na mchelewaji asiye na dawa. Ukimpigia simu anakwambia "Nipo njiani", huku nyuma unasikia maji ya bafuni yakimwagika. Tulimtania sana mpaka akaamua kutuonyesha. Kuna lile jibu la kujiendesha, ambalo seva humpa anayekuandikia wakati hupo mezani. Wengine huandika maneno marefu ya kiofisi. Yeye aliandika mawili tu: Nipo njiani. Wateja wakalipenda, wakawa wanamwandikia makusudi ili walipate.

Alikufa jioni moja ndani ya chumba cha seva, ameketi kwenye kiti chake, jua likiwa linazama. Daktari alisema ni moyo. Tukakubali ni moyo, maana tungesema nini kingine?

Mimi nikapewa kiti. Dada hakunisamehe. "Umekalia kiti cha mume wangu hata hakijapoa," aliniambia kantini mbele za watu, na tangu hapo akawa ananipita kama nguzo. Yeye yupo ofisi ya oda, hapo hapo kando ya mlango mkubwa, kwa hiyo ananipita mara nyingi.

Nilitaka kulifunga sanduku la barua la Shemeji wiki ile ile. Ndio utaratibu wetu, kwa sababu virusi hupenda sanduku lisilo na mtu wa kulitazama. Meneja akanirukia.

"Wateja bado wanamwandikia yeye! Na barua zote zisizo na mwenyewe zinaangukia kwake. Unataka tukose tena oda ya hospitali?"

Hapo alikuwa na hoja. Zamani karani wa hospitali alituma oda ya wodi nzima kwa jina la mtu ambaye hatuna, seva ikaikataa, magodoro yakanunuliwa kwingine. Tangu siku hiyo Meneja aliamuru seva isikatae barua yoyote. Isiyojulikana ni ya nani, iangukie kwa Shemeji.

"Lifunge uone," aliniambia. "Nywila kuu ninayo kwenye droo yangu. Nitalifungua mwenyewe, na wewe nitakufungia nje."

Kwa hiyo marehemu akaendelea kupokea barua. Na kuzijibu. Nipo njiani.

Halafu seva ikaanza kuzima. Kila jioni, giza linapoingia, inafurika ghafla, inakwama, inalala. Nilitafuta kirusi mpaka macho yakawa mekundu. Nilibadilisha kinga, nikakagua kompyuta za ofisi zote moja moja, huku wenyewe wakinibetulia midomo. Sikupata kitu. Meneja alinisimamisha kikaoni akasema ikizima mara moja tena, nitatoka getini na waya zangu shingoni. Nikajiambia basi huenda umeme ndio mchawi wangu. Ndiyo maana ya ile betri.

Nikapita stoo nikiwa nimejibana ukutani, nikaingia chumba cha seva, nikaifunga betri mahali pake. Feni zilikuwa zinanguruma kama kawaida. Dirisha dogo la juu lilikuwa limebakiwa na wekundu kidogo.

Nikawasha skrini.

Barua zilikuwa zinaingia. Moja... moja... kisha kwa mafungu, haraka kuliko macho yangu.

"Leo nimekushika," nikasema kwa sauti. Nilikuwa na hasira tamu. Jambo la kwanza kufanya ukimwona kirusi ni kumkata na nje, basi nikachomoa kebo ya mtandao wa nje, nikaiacha ile ya ofisi zetu. Ikabaki mkononi mwangu, haijaungwa na kitu.

Barua zikaendelea kuingia.

Nikaitazama kebo. Nikaitazama skrini.

Nikazikagua zilikotoka. Zilitoka humo humo ndani ya seva. Mahali pa mtumaji, patupu. Mahali pa mpokeaji, patupu. Na kwa kuwa hazikuwa na mwenyewe, zote zilikuwa zinaangukia kwa Shemeji.

Nikafungua moja. Ilikuwa na neno moja.

Unakuja?

Chini yake seva ilikuwa imejibu kwa niaba yake: Nipo njiani.

Nikafungua nyingine. Unakuja? Nipo njiani. Na nyingine. Unakuja? Nipo njiani. Kurasa kwa kurasa, jioni kwa jioni, zimerundikana mpaka seva inakosa pumzi.

Nikacheka. Sikatai, nilicheka kwa nafuu. Katika kazi yetu hutokea mashine mbili zenye majibu ya kujiendesha zikaanza kujibizana zenyewe, hii inasema, ile inajibu, mpaka moja ianguke. Dawa yake ni kuzima jibu la upande mmoja. Lakini nilitaka kujua ugomvi ulianzia wapi, nikarudi nyuma kutafuta ile ya kwanza.

Ya kwanza iliingia Shemeji akiwa hai.

Wiki kadhaa kabla hajafa. Jioni baada ya jioni imemuuliza, na jibu lake la kujiendesha limemjibia. Bila shaka alidhani ni mwenzetu anamtania, maana alishazoea kutaniwa. Nikashuka nazo mpaka siku aliyokufa. Siku ile palikuwa na jibu tofauti, aliloliandika kwa mkono wake:

Haya nakuja, kwani wewe nani?

Baada ya hapo hakuandika kitu kingine.

Nikamkumbuka Bibi. Tulipokuwa wadogo alitukataza kuitikia tukiitwa magharibi na sauti tusiyoijua. Tulikuwa tunamcheka, na mimi nilikuwa wa kwanza kucheka. Sasa nikaona kwamba hii mashine ninayoibembeleza kila siku imetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Mtu akiita, iitikie. Hata mwenyewe akiwa hayupo.

Nikalizima lile jibu.

Skrini ikatulia. Feni zikapunguza kasi. Nikasikia pumzi yangu mwenyewe.

Unakuja?

Safari hii hapakuwa na wa kujibu.

Unakuja?

Kimya.

Unakuja?

Halafu, chini yake, jibu likajitokeza. Halikuwa la kujiendesha. Lilikuwa la kuandikwa, na tena na mtu mwenye haraka.

Ndiyo mume wangu. Nakuja. Nimeshavaa.

Ukiacha ile kuu ya droo ya Meneja, nywila ya sanduku lile walikuwa nayo watu wawili tu duniani. Mmoja tulishamzika.

Nilitoka mbio.

Ofisi ya oda ilikuwa giza, isipokuwa mwanga wa skrini usoni pa Dada. Alikuwa amevaa gauni lake la kijani, lile alilovaa siku ya posa yake, na sasa lilimpwaya mabegani. Viatu alikuwa amevivua, akavipanga vizuri chini ya meza. Sikuwa nimemtazama karibu kwa muda mrefu, maana tulikuwa tunakwepana. Mashavu yalikuwa yameingia ndani.

"Dada."

"Rudi kwenye kiti chako," alisema bila kugeuka.

"Umemjibu nani?"

"Mume wangu."

"Shemeji amekufa, Dada. Tumemzika wote."

"Wewe ulizika." Alinong'ona, lakini kila neno lilikuwa na kisu. "Ukazika, ukanawa mikono, ukaja kukaa kwenye kiti chake. Mimi naandikiana naye. Kila jioni nafungua sanduku lake, namwandikia, kila jioni ananiambia yupo njiani. Na usiku anafika."

"Anafika wapi?"

"Kitandani. Godoro linabonyea upande wake." Akatabasamu. Afadhali angelia. "Mwanzo lilikuwa linabonyea miguuni. Siku hizi ni hapa." Akagusa mbavu zake.

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, kama umetoka kwenye ndoo ya maji.

Hapo nikakumbuka kitu.

Shemeji alikuwa anabadilisha magodoro. Kabla hajafa alichukua jipya kiwandani, akalirudisha, akachukua lingine, akalirudisha. Tulimzomea kantini nzima: mtu wa kiwanda cha magodoro anakosa godoro la kulalia! Naye akawa anatuonyesha kwa mikono, anacheka, lakini anatuonyesha: "Linabonyea lenyewe jamani, huku miguuni. Sasa limepanda mpaka kiunoni."

"Dada," nikamwambia, "yale magodoro aliyokuwa anayarudisha Shemeji. Yalikuwa na kasoro gani?"

Akarudisha macho kwenye skrini.

"Mlikuwa mmelala wawili. Yeye upande wake, wewe wako. Godoro likabonyea miguuni. Nani alikuwa amekaa?"

Tabasamu likaanza kumtoka, pole pole. Nilimwona akihesabu moyoni, akitafuta pa kukimbilia, akikosa.

"Alisema ni sponji bovu," akanong'ona.

"Halikuwa bovu."

"Alisema ni sponji bovu!"

Umeme ukakatika.

Kompyuta ya Dada ikafa. Stoo nzima ikawa giza. Mwisho wa stoo, kwenye mlango wa chumba cha seva, taa ndogo za kijani ziliendelea kuwaka na feni ziliendelea kunguruma. Betri yangu mpya ilikuwa inafanya kazi yake. Niliileta kwa mikono yangu mwenyewe ili seva isizime, na kweli haikuzima.

Nikawasha tochi ya simu, nikamulika stoo.

Sponji lilikuwa limetandazwa sakafuni, jeupe, halina doa.

Kisha pande la mwisho kabisa, lile la mlangoni kwa seva, likabonyea.

Kidogo tu. Upana wa mguu.

Likabonyea tena, mbele kidogo. Alama ya nyuma ikaanza kujaa yenyewe.

Tena. Mbele kidogo.

Hapakuwa na sauti. Humo ndani hakuna kinachosikika, nimeshakuambia. Lakini harufu ya gundi ilikuwa imekufa, na badala yake ikaja harufu ya nguo mbichi zilizofungiwa kabatini muda mrefu.

"Amefika," alisema Dada. Sauti haikuwa na furaha. Ilikuwa ya mtu aliyeahidi na sasa hana jinsi. Akasimama, akaweka mguu mtupu mbele.

Nikamsukuma. Dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni, nilimsukuma kwa mikono miwili akaanguka kitini. "Ukinyanyuka hapo nakuvunja miguu!" nikamwambia. Nikakimbilia kule kule zilikotoka zile alama.

Nilijibana ukutani, bega likisugua magodoro. Tulipishana katikati ya stoo. Mimi na yenyewe. Sikuona kitu. Niliona godoro la upande wa pili likiingia ndani, kwa upana wa bega, kama na yenyewe inanipisha. Baridi ikanipiga shavuni. Sikugeuka, ningegeuka nisingefika.

Nikaingia chumba cha seva, nikaangukia kibodi. Nikalitafuta sanduku la Shemeji. Futa. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Ndiyo, nina hakika! Ikaniuliza tena, barua zisizo na mwenyewe sasa ziangukie kwa nani? Sikusoma. Naapa sikusoma, nilibonyeza kukubali, kukubali, kukubali.

Sanduku likatoweka.

Feni zikatulia. Kutoka mbali nikasikia redio ya mlinzi. Sikumbuki kama nilikuwa nimeisikia tangu niingie.

Nilirudi nikitambaa na ukuta. Dada alikuwa sakafuni, mlangoni kwa ofisi yake, amekumbatia magoti. Anapumua. Mbele yake, kwenye pande la mwisho la sponji, kulikuwa na alama mbili za miguu, sambamba, vidole vimemwelekea yeye. Zilikuwa zinajaa taratibu. Tulizitazama wote wawili mpaka sponji likawa sawa.

"Umemfukuza," alisema.

"Hakuwa yeye."

"Hujui."

Kweli, sikujua. Sijui hata leo. Nilimpa mkono nimnyanyue, akaupiga kando. Akaenda nyumbani pekupeku, viatu vyake nikampelekea kesho yake, akavipokea mama yetu. Mpaka sasa tunazungumza kwa kupitia mama. "Mwambie mdogo wangu," anasema nami nimekaa pale pale. Lakini mashavu yamerudi. Mikono ni ya moto, nilimgusa siku moja kwa hila nikimpa mtoto wa jirani ampakate. Anacheka na wenzake wa oda. Acha anichukie, anichukie akiwa hai.

Seva haijazima tena. Meneja alisimama kikaoni akasifu betri, akajisifu na yeye kwa kuidhinisha betri, na watu wakapiga makofi.

Jioni iliyofuata ile, nilikuwa nakusanya mkoba wangu. Barua ikaingia kwenye sanduku langu. Mtumaji patupu. Mpokeaji patupu.

Unakuja?

Ndipo nikaelewa nilichokubali bila kusoma. Sanduku la barua zisizo na mwenyewe linapofutwa, mashine humtwisha kazi hiyo mlezi wake. Usiku ule ule niliubadilisha mpango mzima, nikaiagiza seva ikatae barua yoyote isiyo na jina, Meneja na hospitali yake waende zao. Nililala nimejisifu. Jioni ya pili ikaja hivyo hivyo.

Safari hii ilikuwa na jina langu.

Nimeizuia kwa kila kinga ninayoijua. Inapita. Basi nikabaki na dawa moja tu, dawa ya Bibi. Siitikii. Inauliza, nazima skrini, naenda nyumbani. Inauliza kesho, nazima skrini. Jibu la kujiendesha kwenye sanduku langu nililing'oa kabisa, hata nikienda likizo halipo. Wateja wakilalamika, walalamike. Nimeizoea kama unavyomzoea jirani asiyekupenda, mnajua mpo, hamsalimiani.

Wiki hii nimeshikwa na homa. Homa ya kawaida, ya mwili kuuma na mdomo kuwa mchungu. Juzi nililala nyumbani mchana kutwa. Naishi peke yangu, na godoro langu ni lile gumu kuliko yote tunayotengeneza, lile wateja wanalalamika kwamba ni kama ubao. Nililichagua makusudi. Halibonyei kirahisi.

Simu ikaniamsha. Nje giza lilikuwa linaingia. Alikuwa Meneja, na sauti yake ilikuwa na sukari, jambo lililonishtua kuliko angenitukana.

"Pole na homa, mama. Pumzika kabisa, usiwe na wasiwasi na kazi. Barua zako nimeshazishughulikia."

"Umezishughulikia vipi?"

"Wateja walikuwa wanasema huwajibu. Nikatoa ile nywila kuu kwenye droo, nikaingia, nikakuwekea jibu la kujiendesha." Akacheka, amefurahi na akili yake. "Unaona eh? Tunaojua hizi mashine si wewe peke yako."

Nilikaa kitandani.

"Umeandika nini?"

"Lile lile la shemeji yako marehemu! Wateja walikuwa wanalipenda sana."

"Lizime."

"Ah, limeanza tu sasa hivi na linafanya kazi vizuri. Una mteja mmoja king'ang'anizi huyo, kila dakika anaandika, na kila dakika linamjibu..."

"Meneja, lizime! Sasa hivi! Lizime!"

"Kelele za nini? Ndiyo maana watu hawakupendi," alisema, sukari imeisha. "Nimeshafunga ofisi. Kesho." Akakata.

Nikampigia. Hakupokea. Nikampigia Dada, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Ikaita, ikaita, ikakatwa.

Nikaweka simu chini. Chumbani hapakuwa na sauti yoyote. Taa ilikuwa inawaka, mlango nilikuwa nimeufunga kwa ndani, ufunguo niliuona pale pale kwenye kitasa. Nikanusa nguo mbichi.

Miguuni, godoro likabonyea. Polepole, kama mtu aliyetoka mbali anapokaa.

Nikakunja miguu.